Mama Baranyanka

Makere, Kasulu
14 Septemba 2015

Kwa kaka yangu mpendwa Reverien,
Kumsenga, Kibondo.

Pokea salamu zangu nyingi katika jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto wote, na kwamba lile goti lako linalokusumbua kila kiangazi limetulia. Ukitaka kujua habari zetu, sisi hatujambo. Shemeji yako Nestori ana afya, na kikohozi chake siku hizi ni cha kubishia hodi tu. Mpwa wako anakimbia hovyo. Juzi aliangukia rundo la maganda ya mihogo akainuka anacheka. Mashamba tumeshasafisha, tunangoja mvua. Magari ya kampeni ndiyo yanayotupigia kelele kutwa nzima, kila moja linatuahidi barabara, nasi tunafunga milango kuzuia vumbi la hii tuliyo nayo.

Najua umeshangaa kupata barua yangu. Miaka mitatu hatujaulizana hali. Na pengine umeshangaa zaidi kumwona aliyekuletea. Nakuomba usimfungie mlango. Mpe kiti, mpe maji, na kama anakukodolea macho unaposoma mwache akukodolee, ana haki yake. Sababu utaiona huko mbele. Ningeweza kupiga simu, maana sasa hata hapa Makere mtandao unapatikana mpaka jikoni. Lakini kwenye simu wewe ungeweza kukata, nami ningeweza kufupisha.

Nianze na yaliyo mepesi. Wanijua, mimi nikienda kuomba chumvi huanza kwa kusifia kuku wa mwenye nyumba.

Tangu mwaka juzi nimekuwa nikiongoza kikundi cha Neno cha akina mama wa kanisani. Tunakutana kila Alhamisi mchana hapa uani kwangu, tunamenya mihogo huku tunasoma. Sheria ya kikundi ni moja, na niliitunga mimi: hakuna kuja kusema umebarikiwa na Neno. Kubarikiwa, kila mtu amebarikiwa. Tunataka useme ulilifanya. Tunachukua mstari mmoja, kila mama anaondoka nao kama anavyoondoka na mbegu, na Alhamisi inayofuata analeta habari ya kilichoota. Mama mmoja alipata ule wa kubebeana mizigo, akaenda kumlimia mama mkwe wake kutwa nzima. Alirudi akilalamika kwamba Paulo aliyaandika yale kwa sababu hakuwahi kuwa na mama mkwe. Jirani yangu Claudine Ntirampeba, wa nyumba ile ya pili ukishuka kisimani, alipata ule wa Mithali kuhusu jibu la upole. Wifi yake alikuwa amemtembelea, na unawajua mawifi, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Claudine akaweka punje ya mahindi chini ya ulimi, akajiambia kwamba hatajibu neno mpaka punje ilainike. Wifi alisema wee, punje ikabaki ngumu, wifi akachoka. Tulicheka mpaka visu vikatuanguka. Lakini niliondoka na somo, na tangu siku ile nimeona ndoa mbili kijijini hapa zikipona kwa punje ya mahindi.

Nakuambia haya usidhani najisifu. Au niseme kweli, najisifu kidogo. Nilikuwa mwalimu mzuri, kaka. Watu walikuwa wakitoka mpaka Busunzu kuja kuomba niende kuwafundisha kuhusu kusamehe. Nikasimama mbele yao na Biblia mkononi, nikawaambia kinyongo ni kama kunywa mchuzi uliochacha kisha ukangoja jirani yako aumwe tumbo. Na nilipomaliza, nilimwita mwanangu kwa jina lake tukarudi nyumbani.

Hapo ndipo penyewe. Jina la mwanangu.

Unakumbuka kwamba mimi na Nestori tulimngoja mtoto miaka minane. Mama aliomba mpaka magoti yakaota sugu, na hakumwona. Alifariki Agosti ya 2012, mtoto akazaliwa Juni iliyofuata. Mimi ambaye baba aliniita Niyonsaba, kwamba Mungu ndiye nimwombaye, nilikuwa nimeomba nikapewa, na kila mtu alingoja jina la shukrani. Hana wa kwenye Biblia alipopewa mtoto alimpa jina la kumkumbuka Mungu. Nestori aliniachia mimi nichague, kwa kuwa ndiye niliyesubiri kwa machozi. Nami nikamwita Baranyanka.

Wewe unajua majina yetu yanavyosema. Hujasahau jirani wa baba aliyemwita mbwa wake Nibavuge, yaani waseme tu, ili kila akimwita mbwa jioni, nyumba ya pili wajue wamejibiwa. Kwetu ukitaka kumwambia mtu jambo usiloweza kumwambia usoni, unamzalia mtoto. Baranyanka: wananichukia. Miaka miwili na zaidi nimesimama uani nikiita kwa sauti yangu yote, wananichukia, njoo ule. Wananichukia, njoo uoge. Na mimi watu wakaniita Mama Baranyanka, kanisani, sokoni, kisimani.

Ukoo mzima ulijua jina lile ni la nani. Ni lako. Wewe ndiye mwana ambaye hakuja kumzika mama yake. Ulifika siku ya tisa, umeshika kofia mkononi, na Baba mdogo Venanti akakuambia mbele ya watu kwamba uji wa matanga umekwisha. Hukutia hata konzi moja ya udongo. Ulipoapa kwamba hukupata habari, Baba mdogo alisema simu ilipigwa Kibondo dukani kwa Gharibu, pale unapopokelea salamu zako zote, kwa hiyo ama Gharibu ni mwongo ama wewe. Najua ulikwenda kwa Gharibu mkagombana, na hamjasemeshana tangu hapo. Najua pia kwamba mwaka jana ulipomwoza binti yako, upande wetu wote viti vilikaa vitupu. Hakuna aliyekuja, na mimi shangazi yake nilikuwa wa kwanza kusema siendi.

Ubatizo wa mtoto ulichelewa kwa sababu ya jina hilo hilo. Mchungaji wa zamani alikuwa mtu wa huku, anaijua lugha, na kila nilipompelekea jina aliniambia nirudi nyumbani nikalifikirie. Nikanuna. Mwezi wa saba tukaletewa mwinjilisti mpya, Mgogo wa Mpwapwa, kijana mpole asiyejua hata kuitikia salamu zetu. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Nikampelekea mtoto, akaliandika jina kwa penseli kwenye daftari la ubatizo, kwa kuwa hakuwa na hakika na herufi zake. Kisha kwa adabu akaniuliza maana yake ni nini, ili apate kuliombea. Kaka, benchi zima la akina mama lilianza kukohoa. Nikamwambia ni jina la uvumilivu. Mzee mmoja nyuma akacheka hadharani, nami nikamkata jicho.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane tukafika Mathayo sura ya tano, pale Bwana anaposema kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kuna ndugu ana jambo nawe, uiache sadaka hapo hapo uende kwanza mkapatane. Nilifundisha vizuri kama kawaida yangu. Nikawaambia Bwana hakusema ukikumbuka uliyemchukia wewe. Alisema ukikumbuka mwenye jambo nawe, na hakuuliza nani alianza. Wakaondoka na mstari wao.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naanika mihogo nikaona Claudine anakuja. Hakuniamkia kwa mbali kama siku zote. Alifika mbele yangu akapiga magoti, akawa anapiga makofi taratibu kama tunavyofanya mbele ya wakubwa, na mimi si mkubwa wake hata kwa mwaka mmoja. Nilidhani amefiwa.

Akasema, "Mama Baranyanka, mimi sijui kosa langu lote, najua la wale mbuzi walioingia kwenye mihogo yako. Kama kuna lingine, nalo nisamehe. Ila kila ukimwita mtoto, mimi naitika moyoni. Nimeitika miaka miwili, nimechoka."

Nilisimama na ungo wangu mkononi. Wale mbuzi nilikuwa nimeshawasahau. Mwanamke yule alikaa uani kwangu kila Alhamisi, akamenya mihogo yangu, akanichekesha kwa punje yake ya mahindi, na wakati wote huo aliamini kwamba jina la mwanangu limetupwa mlangoni kwake. Na hakuwahi kumpa mtoto jina la kunijibu, wala hata kuku. Alikuwa akija na uji nilipojifungua. Nikamwinua, nikamwambia si yeye. Akaniuliza, kama si mimi ni nani. Nikamwambia ni kaka yangu wa Kumsenga. Akanitazama, akauliza tena, bila ubaya wowote, kwamba je, kaka yako anakuchukia kweli? Na mimi mwalimu wa kusamehe nikarudi kugeuza mihogo yangu.

Jumamosi nilikwenda kwa mwinjilisti, nikamwambia maana halisi ya jina. Hakunikaripia. Alinifungulia Mwanzo, mahali Rakeli anapojifungua kwa uchungu, anampa mtoto jina la uchungu wake kisha anakata roho, na Yakobo anakataa mtoto asitembee na jina lile, anampa lingine. Akaniambia kwamba Rakeli alikuwa anakufa, anasameheka. Akaniuliza, dada, wewe ulikuwa unakufa na nini? Nikaondoka pale nimemkasirikia sana, na nilipofika kwenye daraja la miti nilikuwa nalia.

Sasa, kaka, nakaribia. Nimezunguka vya kutosha na chumvi bado sijaomba.

Unajua mama aliumwa miezi mitano na mimi ndiye nilikuwa naye. Silalamiki, nakupa habari. Nilimgeuza kitandani, nilimwogesha, nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulikuja mara mbili, ukaleta blanketi, na ile blanketi ikawa ndiyo habari ya nyumba. Kila mgeni alionyeshwa blanketi ya Reverien. Nilikuwa naifua mimi, lakini ilikuwa ya Reverien. Nikisoma habari ya yule mwana aliyebaki nyumbani akifanya kazi, akakataa kuingia karamuni kwa sababu ya ndugu yake, siku zote nilimfundisha kama mtu fulani wa zamani. Sikuwahi kuona kwamba amevaa kitenge changu.

Siku moja kabla hajafariki, mama alinishika mkono. Nilikuwa nimetoka kumbadilisha nguo. Alinishika kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, nikasema moyoni, sasa anataka kunibariki. Nikapiga magoti kabisa. Akasema maneno, na yote yalikuwa yako. Yalinipita mimi bila kunigusa hata ukucha. Kisha akanyamaza, na hakusema tena mpaka asubuhi alipotutoka.

Baba mdogo akaniambia nipande kilimani, maana wakati ule mtandao ulikuwa kule juu tu, nikampigie Gharibu akutumie mtu upesi. Namba ilikuwa kwangu peke yangu. Nilipanda. Nilisimama pale juu na simu mkononi, mtandao upo, salio lipo, na namba ya Gharibu nimeshaiona kwenye kioo. Nikaifunga simu kwenye pindo la kitenge, nikakaa kwenye jiwe muda unaotosha kuzungumza na mtu, nikashuka. Nikawaambia nimempata Gharibu, ameahidi kukufikishia. Walikungoja siku nzima, jioni wakasema azikwe kesho.

Sikupiga, Reverien. Si Gharibu aliyesahau, si mtandao, si wewe. Ni mimi. Niliona kwamba umepata maneno yake yote, basi usipate mazishi yake. Na ulipofika siku ya tisa umeshika kofia nilikutazama ukifukuzwa, nikanyamaza. Kisha nikazaa mtoto, nikamwita Wananichukia, ili ukoo usije hata siku moja ukageuza macho na kunitazama mimi.

Nimeshasema kwa wengine kabla ya kukuandikia, usije ukabebeshwa kazi ya kujitetea tena. Jumapili ya tarehe thelathini Agosti nilikwenda kwa Baba mdogo Venanti, nikamwambia mbele ya wanawe. Alisogeza chai yake kando. Kisha akasema kwamba kwa neno langu alimnyima mtoto wa kaka yake udongo wa mama yake, na kwamba siku utakayokuja atakushika mkono yeye mwenyewe mpaka kaburini ukatie konzi yako. Mimi hajanisalimia tangu siku hiyo. Ni haki yake. Alhamisi iliyofuata niliwaambia akina mama wenzangu, mmoja akainuka akaondoka na kisu chake. Sasa anayeongoza ni Claudine, na mimi nakaa naye mkekani namenya kama wengine. Anafundisha polepole mno, natamani kumsaidia, nakumbuka punje ya mahindi.

Gharibu nilimfuata Kasulu mjini siku ya mnada. Nilimweleza yote, na kwamba nakuandikia barua, akiwa amesimama kati ya magunia ya sukari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mimi niliitwa mwongo mbele ya wateja wangu. Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini hiyo barua naipeleka mwenyewe, nimwone akiisoma." Basi huyo hapo mbele yako. Mwombe radhi nawe kidogo, maana ulimtukana kwa ajili yangu.

Na sasa nakupa kilicho chako, ambacho nimekaa nacho miaka mitatu. Mama alisema hivi, sijapunguza neno: "Mwambie Reverien, Imana ikuje imbere, Mungu akutangulie. Moto usizimike nyumbani kwake. Mwambie nilimngoja bila hasira, na kama sikumwona, si kwamba hakupendwa."

Ndiyo yote. Nilikuwa nikiyarudia moyoni kila siku kwa uchungu kwamba langu halimo. Ni juzi tu, baada ya kutoka kwa Baba mdogo, nilipoelewa. Mama hakunitumia salamu kwa sababu nilikuwepo. Mtu hamtumii salamu aliyemshika mkono. Nililia sana, kaka, lakini nililia kama mtu aliyeshiba. Tangu hapo nimesimama imara na siogopi jibu lako, liwe lolote. Usiponijibu nitajua ni mimi niliyelima, nitavuna. Lakini namjua Mungu ninayemwomba, na nakujua wewe, na sidhani kama utakaa kimya.

Ubatizo ni Jumapili ya tarehe nne Oktoba. Mwinjilisti amelifuta jina kwa raba. Ameandika jina la baba, jina la mama, siku ya kuzaliwa. Pa jina la mtoto pako wazi. Mimi na Nestori tumekubaliana kwamba baba yetu hayupo, wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu, basi jina litoke kwa mjomba. Usiliandike kwenye barua. Njoo ulitamke mwenyewe, ukiwa umetoka kumwekea mama udongo wako. Mtoto kwa sasa namwita mwanangu tu, naye anaitika.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie nitamwomba radhi kwa kinywa changu, kwake nina deni la harusi nzima. Wabusu watoto, na huyo bibi harusi mwambie shangazi yake anakuja hata kama hajaalikwa. Nestori anakusalimu, Claudine anakusalimu ingawa hamjuani. Bwana awalinde njiani na nyumbani mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Esteri Niyonsaba,
Mama ________